Macho ya Mpishi

Ulimsikia kabla hujamwona. Asubuhi, wanafunzi wakiwa bado wanafagia uwanja, kikohozi chake kilitoka kwenye banda la jiko, kikavu, cha mfululizo, kisha mwiko ukagonga ukingo wa sufuria kubwa, ishara kwamba uji umeanza kuchemka. Kumwona ilikuwa kazi. Banda lile la udongo halikuwa na dirisha. Moshi ulijitafutia njia mlangoni na kwenye nyasi za paa, na mgeni aliyepita barabarani angeweza kudhani jengo linaungua. Yeye alikuwa humo ndani, ameinama, kitenge amekifunga mpaka puani.

Nilikuwa mwalimu mpya wa shule ile, binti wa mjini kutoka Kahama, niliyepangiwa kijiji kisicho mbali na machimbo ya Mwakitolyo. Walimu walimwita Mpishi. Watoto walimwita Bibi Mpishi. Mimi nilimwita Mama, kwa kuwa nilipanga chumba uani kwake na yeye ndiye aliyenifundisha kuishi pale. Jina lake nalijua. Silitaji kwa sababu bado anaishi palepale, na pale jina la mwanamke mzee ni kitu cha kutunzwa.

Alikuwa mkali. Wavulana wakubwa waliosukumana kwenye foleni walipata mwiko wa vidoleni. Alisema waziwazi kwamba hapendi watoto, wanamchosha, na kwamba angezaliwa mara ya pili angechunga ng'ombe. Lakini ukoko wa chini ya sufuria aliukwangua akauficha kwenye bakuli kwa ajili ya wale wanaotoka mbali, na mtoto aliyekuja bila kikombe alipewa cha kwake mwenyewe. Walimu tulipochelewa chai hakutubakizia. Nilipomlalamikia alinijibu kwamba mtu mzima mwenye mshahara anaweza kunywa maji.

Kanisani aliimba sauti ya pili, na hakukosa Jumapili. Hata hivyo chini ya blauzi alivaa kipande cha mzizi kilichofungwa kwa uzi mweusi. Siku moja tukichambua maharage nilimwuliza kama kweli anaamini mambo ya wachawi. Aliendelea kuchambua.

"Wapo," alisema. "Ila si mimi."

Wakati ule nilicheka. Sikujua kwamba alikuwa ananijibu swali ambalo watu wengine walikuwa wameshaanza kuliuliza nyuma yake.

Habari yenyewe ilianzia kwenye kuni. Wazee wa pale walikumbuka vichaka vya kila upande. Halafu yakaja machimbo. Shimo la dhahabu, ambalo wachimbaji huliita duara, linahitaji magogo ya kushikilia kuta lisiporomoke, na kila duara jipya lilimeza miti yake. Kambi za wachimbaji nazo zilihitaji mkaa wa kupikia, na mkaa ulitoka kwetu, magunia juu ya baiskeli. Mwanzoni wanafunzi waliagizwa kuja na kuni moja kila mmoja, wakaja na kuni. Baadaye wakaja na vijiti. Baadaye na mashina ya pamba, ambayo yanawaka kwa pupa na kuzimika. Mwishowe Mpishi alianza kukusanya mavi ya ng'ombe, akayakandika ukutani yakauke, akapika nayo uji na makande ya shule nzima.

Aliyewahi kukaa na moshi wa mavi ya ng'ombe anajua ninachosema. Unakaa kifuani, kwenye nguo, kwenye nywele. Kwake ulikaa machoni. Kope zilivimba, zikageukia ndani, zikawa zinamchoma mboni kila anapopepesa. Alizifuta kwa pindo la kitenge, na kadiri alivyofuta ndivyo macho yalivyozidi kuwa mekundu. Mekundu kabisa, kama ya mtu aliyelia wiki nzima.

Kwingine hiyo ingekuwa habari ya dawa ya macho. Kwetu haikuwa hivyo. Kila mtu wa mikoa ile amesikia juu ya vikongwe waliouawa kwa mapanga kwa sababu macho yao ni mekundu, na watu wakasema ni wachawi. Wengi wao kosa lao lilikuwa kupika. Walipikia waume, watoto na wajukuu katika nyumba zisizo na dirisha, kwa kuni mbichi na kwa mavi, na malipo ya uaminifu huo yakaandikwa usoni mwao kwa rangi ambayo watu waliisoma vibaya.

Mwaka ule mwenye duara mmoja wa kijijini alipata mikosi miwili kwa pamoja. Shimo lake lilikauka dhahabu ghafla, wakati majirani zake wanatoa. Kisha mwanawe wa mwisho, mwanafunzi wa darasa la kwanza, akafa kwa homa. Mwenye duara akaenda kwa mganga. Habari ya aliyoambiwa ilifika kwenye bomba la maji kabla yeye mwenyewe hajarudi: kuna mwanamke mzee, macho mekundu, anakaa karibu na moto mkubwa, na mtoto alikula kwa mkono wake.

Mganga hakumtaja mtu. Hakukuwa na haja.

Jumatatu iliyofuata vikombe vya uji vilibaki vimejaa kwenye foleni ya darasa la kwanza. Kesho yake vikabaki vya darasa la pili. Wazazi walikuwa wamewakataza. Mpishi alivimwaga kimoja kimoja kwenye ndoo ya nguruwe wa jirani, akasugua sufuria kama kawaida. Mwalimu mkuu, mtu mpole aliyeogopa ugomvi kuliko kitu chochote, alimwita ofisini akamshauri apumzike kidogo, hali itulie. Alimjibu kwamba akipumzika watasema amekimbia, na anayekimbia kwetu huwa hafiki mbali. Kisha akauliza kama unga wa wiki ijayo umeshaletwa.

Siku ile ile, saa ya mapumziko, wanaume wawili walisimamisha pikipiki nje ya uzio wa shule. Sikuwafahamu. Walikuwa na adabu, waliniamkia vizuri. Wakauliza kama mama anayepika ameshatoka, na huwa anapita njia gani akirudi nyumbani, ile ya barabarani au ile ya kwenye majaruba ya mpunga. Niliwaambia sijui. Mmoja alitabasamu, akasema hamna shida, mwalimu, tutamwona tu.

Nilisubiri kengele ya mwisho. Nilimweleza Mpishi. Alisikiliza, akauliza walivaa nini, pikipiki ilikuwa ya rangi gani. Kisha akasema tutapita barabarani, katikati, na kwamba nitembee upande wake wa kushoto kwa sababu jicho la kushoto halioni vizuri. Tulitembea hivyo kila siku. Kila pikipiki iliyotokea nyuma yetu niligeuka kuitazama. Yeye hakugeuka hata mara moja. Nilidhani ni ujasiri, mpaka siku aliponishika mkono kuvuka mtaro nikakuta kiganja chake kimelowa jasho.

Mwanawe aliyekuwa akifanya biashara Geita alipiga simu kila siku kumsihi ahamie kwake. Mpishi alimwambia atahamia mavuno yakiisha. Mavuno yalikuwa bado mbali.

Aliyebadilisha mambo hakuwa mwalimu, wala mtendaji wa kijiji, wala polisi ambao mwalimu mkuu hatimaye aliwapigia simu na wakaahidi kupita. Alikuwa mama yake mwenye duara.

Bibi huyo alikuwa haonekani. Watu walisema ni mgonjwa wa miguu. Asubuhi moja, watoto wakiwa kwenye foleni, aliingia uwanjani kwa fimbo, mrefu, amejitanda khanga iliyoshuka mbele mpaka ikaficha macho. Alipita mbele ya walimu bila kutusalimu, akaenda moja kwa moja kwenye banda la jiko, akavuta jiwe akakaa mlangoni. Alikuwa amekuja na kikombe chake. Akakinyoosha. Mpishi alimtazama muda, kisha akamchotea uji. Bibi yule akaunywa wote mbele ya shule nzima, taratibu, akilamba midomo, akanyoosha kikombe tena.

Hakuwa amemaliza cha pili mwanawe alipofika na pikipiki. Alikuwa mwanaume mnene, mwenye macho ya mtu asiyelala. Alisimama mbali na jiko.

"Mama, twende nyumbani."

"Niangalie kwanza." Akaivua ile khanga. Sisi sote tukaona kwa nini alikuwa haonekani. "Macho yangu yana rangi gani?"

Mwanaume yule aliangalia chini.

"Nimekupikia kwa mavi ya ng'ombe tangu baba yako afariki," mama yake alisema. Hakupaza sauti. "Leo umeambiwa ni huyu. Kesho ukiambiwa ni mimi, utawaonyesha njia ninayopita?"

Mwanawe akapanda pikipiki akaondoka, na mama yake akabaki kwenye jiwe lake mpaka watoto wote walipokunywa. Walikunywa. Wa darasa la kwanza ndio waliotangulia.

Nisingependa mtu adhani hofu iliisha siku ile. Ilipungua tu, ikawa kitu cha kuzungumzika. Mwenyekiti aliitisha mkutano wa kijiji. Tabibu wa zahanati alieleza kwamba wekundu ule ni ugonjwa, na kwamba moshi ndio unaouchochea. Mzee mmoja akasimama akasema moshi ulikuwepo tangu enzi za babu zake. Tabibu akamwuliza bibi zake walikuwa na macho gani, na mzee akakaa. Ndipo afisa mifugo wa kata, kijana aliyekuwa amekaa nyuma kabisa, akaomba kusema. Alisema kijiji hakina kuni lakini kina ng'ombe. Alikokuwa kabla ya kuja kwetu, mavi hayachomwi. Yanachanganywa na maji, yanatiwa kwenye shimo lililojengewa na kufunikwa, yanachacha, yanatoa gesi. Gesi inakwenda jikoni kwa bomba, inawaka bila moshi. Yanayobaki yanakwenda shambani na ni mbolea nzuri kuliko mwanzo.

Walimbana. Maji yatatoka wapi kiangazi? Akajibu yatumike yale ya kuoshea vyombo, yasimwagwe. Ng'ombe wakihamishwa malisho? Kila kaya ibakize wawili zizini. Na ikilipuka? Alieleza kuhusu bomba na koki na kwa nini jiko lijengwe na madirisha. Nikaanza kuona vichwa vikitikiswa kukubali, na moyo wangu ukatulia kidogo.

Hapo Mpishi akanyoosha mkono. Akasema hataki.

"Mnataka niwapikie watoto kwa upepo wa mavi?"

Nilishindwa kuamini. Lakini mama yake mwenye duara, aliyekuwa amekaa naye mkeka mmoja, alimgeukia akamwambia, "Umewapikia kwa mavi yenyewe miaka yote." Wanawake wakaangua kicheko, wanaume wakafuata, na mimi nilikumbuka kwamba sikuwa nimesikia watu wa kijiji kile wakicheka pamoja tangu mtoto yule azikwe. Mpishi alisubiri wamalize. Akasema basi wachimbe, ila jiko lake la kuni wasilibomoe.

Kuna jambo hapo ambalo nilichelewa kulielewa. Aliupenda moto uliokuwa ukimwua. Aliuzungumzisha Kisukuma kila asubuhi, akiubembeleza na kuutukana. Ulikuwa umempikia arusi yake, na umemkausha nguo usiku wa misiba. Wataalamu wengi wanaokuja kuwashawishi watu waache kuni hawalijui hilo, ndiyo maana majiko yao mapya hugeuka viota vya kuku kutagia.

Shimo lilichimbwa na mwenye duara. Alikuja siku ya kwanza na vijana wake, mama yake nyuma na fimbo, na hakuna aliyehitaji kuuliza nani amemleta. Walichimba kama watu wanaojua shimo ni nini, kuta zimenyooka, udongo umewekwa mbali. Mpishi aliwapikia makande. Vijana walikula wakaomba tena. Mwenye duara alikaa juu ya pikipiki yake, uso ameuelekeza barabarani. Mpishi alimpelekea sahani mwenyewe, akaiweka chini mbele yake, akarudi jikoni.

Niliitazama sahani ile kutoka dirisha la darasa. Hakuigusa. Nzi waliijia. Siku ya pili ilikuwa hivyohivyo, na ya tatu. Kila siku alimpelekea, kila jioni aliichukua ikiwa imejaa akampa mbwa. Nilimwuliza kwa nini anajidhalilisha.

"Ng'wanone," aliniambia, neno lao la mwanangu, "namwonyesha kwamba nampa. Kula ni juu yake."

Hakula hata siku ya mwisho. Hakumwomba radhi, siku ile wala baadaye. Alijenga mtambo mpaka ukaisha, akakung'uta vumbi, akaondoka. Sijui kama alitubu au alimwogopa tu mama yake. Wale wanaume wa pikipiki sikuwaona tena, na hilo nalo sijui ni nani wa kushukuriwa.

Siku ya kuwasha, afisa mifugo alifungua koki, akapitisha kiberiti, akajitenga kwa fahari. Ilikuwa adhuhuri, jiko jipya lina madirisha mawili makubwa, mwanga umejaa. Mpishi alisogea, akainama.

"Moto uko wapi?"

Ulikuwa wa bluu, mwembamba, na kwa macho yale hakuuona. Akapeleka mkono, akaurudisha haraka, akanyonya vidole.

"Upo," alisema.

Alilalamika muhula mzima. Moto hauna sauti. Hauna harufu, hajui kama uji umeshika. Makande, yanayochemka nusu siku, gesi haikuyatosha, yakahamia kwenye jiko la matofali lenye bomba la kutolea moshi juu ya paa. Kiangazi maji yalipopungua gesi nayo ilipungua, tukarudi kwenye kuni wiki kadhaa, naye akatutazama kama mtu aliyeshinda kesi. Lakini kabla ya likizo niligundua kitu. Nilikuwa nimeamka, nimeoga, nimefika shuleni, na sikuwa nimesikia kikohozi. Nilikwenda jikoni kwa woga. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, kitenge kimeshuka mabegani, anawasubiri watoto.

Macho yalichukua muda zaidi. Zahanati ilimpeleka hospitali, wakazigeuza kope zake kwa upasuaji mdogo. La kulia lilisafika karibu lote. La kushoto lilibaki na utando.

Baadaye nilihamishiwa Geita. Huko nimekaa kwenye semina za nishati safi, nimeona picha za mitambo ya jua na ya upepo, nimesikia habari za misitu na mvua. Ni kweli yote. Ila zamu yangu ya kuchangia ikifika, huwa naona pindo la kitenge likifuta jicho, na ninawaambia kwamba mahali fulani moshi ni ushahidi unaotumika kumhukumu mtu, na anayeuondoa jikoni anaufuta ushahidi huo. Wengine huandika. Wengine hutazama saa.

Mwaka jana nilikwenda kumwona. Nilipanda basi mpaka Kahama, nikalala, asubuhi nikaendelea. Nilikuwa na tiketi ya kurudi siku hiyohiyo. Nilimkuta uani, amestaafu, amekonda, ng'ombe wawili zizini na bomba linaloingia jikoni kwake. Nilimpa shikamoo, akaitika marahaba huku akinivuta ndani na kufunga mlango kwa komeo. Mchana kweupe. Nikajua kuna jambo.

Nyuma ya pazia alikuwemo mwanamke mzee ambaye sikuwahi kumwona. Macho yake yalikuwa mekundu, na mkono wake umefungwa bendeji. Mpishi alinieleza kwa kifupi: anatoka kijiji cha pili, mvulana wa ukoo wao amekufa, mganga amesema, nyumba imeshavamiwa mara moja. Majirani walimtorosha. Mtendaji wa huko ameitisha mkutano alasiri hiyo, na mama huyu anataka kuhudhuria, kwa sababu nyumba na shamba ni vyake.

"Wewe utasema ya moshi na ya gesi," Mpishi aliniambia. "Umesoma, unajua kuyapanga. Mimi nitasimama tu wanitazame."

Nilimwambia kuhusu basi. Nilimwambia pia kwamba ninaogopa. Alisema hata yeye.

Kijana wa bodaboda alijitolea kutupeleka, Mpishi akakataa. Alitaka tuonekane tukitembea. Tulipita katikati ya barabara, yule mama katikati yetu, kichwa wazi. Kwenye maduka watu walinyamaza tulipokaribia, na walikuwa bado kimya tulipokwisha kupita. Pikipiki moja ilitupita, ikapunguza mwendo, ikaendelea.

Leo ninajua kilichofuata. Yule mama amerudi kwake, wanamgambo wa kijiji walilinda nyumba yake mpaka hali ikatulia, na shimo la mtambo wa kwanza limechimbwa kwenye zahanati yao. Lakini alasiri ile hatukujua lolote kati ya hayo. Tulifika mkutanoni watu wamejaa. Wanaume wa mbele walisimama wote kwa pamoja walipotuona, na sikuweza kujua wanasimama kwa ajili ya nini. Nilipunguza hatua. Mpishi hakupunguza. Alimshika mkono yule mama, akapita naye katikati yao mpaka mbele, akageuka ili kila mtu amwone uso, akawasalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila."

Kuku alivuka. Kisha kutoka upande wa wanawake, nyuma kabisa, mtu mmoja akaitika. Akaitika wa pili. Mpishi alisubiri, hakuongeza neno, mpaka wanaume nao walipoitika.